Nchi Jirani: Wagonjwa wa Saratani wa Uganda na Faraja ya Wenzao

Juu ya kilima cha Mulago, mjini Kampala, ipo Taasisi ya Saratani ya Uganda, ambayo sifa yake imevuka mipaka ya nchi hiyo. Mgonjwa anayetoka Arua, Gulu, Moroto au Kabale huandikiwa barua na daktari wa wilaya yake, hukopa nauli, hufunga mzigo wake mdogo na kupanda basi la usiku kwenda huko. Wala si Waganda peke yao wanaokwenda. Wamo Wakongo wanaovuka mpaka kutoka mashariki ya nchi yao, wamo watu wa Sudan Kusini, na wamo Warundi na Wanyarwanda. Wafikapo huambiwa ugonjwa wao una jina gani, umefikia wapi, na matibabu yake yatachukua muda gani. Liko jambo moja ambalo aghalabu hawaambiwi, kwa sababu wenye makoti meupe hawalijui kwa miili yao wenyewe. Nalo ni jinsi mtu anavyoishi, siku baada ya siku, huku anatibiwa ugonjwa huo.

Jambo hilo hufundishwa kwenye benchi la kungojea, na walimu wake ni wagonjwa.

Ili kulielewa yafaa kwanza kukumbuka matibabu yenyewe yalivyo. Saratani haitibiwi kwa sindano moja mtu akaenda zake. Dawa za kuua chembe za ugonjwa hutolewa kwa mizunguko, na mara nyingi mzunguko mmoja hufuatwa na mwingine baada ya siku 21. Mionzi nayo hupigwa kidogo kidogo, kwa kawaida siku tano kwa juma, kwa majuma kadhaa mfululizo. Kwa mtu wa Kampala hayo ni mashaka. Kwa mtu wa Karamoja ni sawa na kuhama nyumba. Shamba linabaki bila mwenyewe, watoto wanabaki kwa jirani, na mgonjwa hulazimika kutafuta mahali pa kulala katika mji asioujua. Si siri kwamba kwa miaka mingi wagonjwa na wauguzaji wao wamekuwa wakilala katika viwanja na varanda za hospitali hiyo, wakifua na kupika hapo hapo, wakingoja siku yao.

Katika maisha hayo ya varandani ndipo elimu ya wagonjwa ilipozaliwa. Mwenye mzunguko wa nne humwambia mwenye mzunguko wa kwanza kwamba nywele zitaanza kung'oka baada ya majuma mawili au matatu, na kwamba ni afadhali azinyoe mwenyewe mapema kuliko kuziokota kwenye mto kila asubuhi. Humwambia kwamba kucha zitaingia weusi, kwamba mdomo utafanya vidonda, na kwamba uji uliopoa, mwepesi, unaonywewa kidogo kidogo, hupita pale ambapo ugali haupiti. Humwambia siku ipi ya kichefuchefu ni mbaya kupita zote, ili ikifika asidhani kwamba anakufa.

Tena humwambia habari ya homa, na hapa mazungumzo ya wagonjwa huacha kuwa ya kupitisha wakati yakawa ya kuokoa roho. Dawa za saratani hupunguza askari wa mwili, yaani chembe nyeupe za damu zinazopigana na maradhi. Homa ikimpata mtu katika siku hizo, yaweza kumwua upesi sana. Lakini katika Afrika Mashariki kila homa huitwa malaria. Mtu hununua vidonge dukani, hujifunika blanketi na kungoja jasho. Daktari huenda alikwisha kumwonya, tena kwa maneno sahihi kabisa, lakini alimwonya katika dakika tano, siku ile ile alipompa habari ya saratani, wakati masikio yalikuwa yamekwisha kuziba kwa hofu. Onyo hilo hilo likitolewa na mtu aliyeponea chupuchupu kwa homa ya namna hiyo, hukaa kichwani. Mgonjwa haingoji alfajiri, bali huondoka usiku huo huo.

Taasisi hii haikuanza jana. Daktari mpasuaji Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland aliyekuwa akifanya kazi Mulago, alieleza mwaka 1958 habari ya uvimbe wa taya uliokuwa ukiwashambulia watoto wa sehemu hizi, na ugonjwa huo hata leo unaitwa kwa jina lake. Mwaka 1967 Chuo Kikuu cha Makerere, kwa kushirikiana na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, kilifungua kituo cha kuwatibu watoto hao chini ya Daktari John Ziegler. Ikadhihirika, kwa faida ya dunia nzima, kwamba watoto waliokuwa wakihesabiwa kuwa ni wa kufa waliweza kuponywa kwa dawa. Ziegler aliondoka mwaka 1972, katika siku za utawala wa Idi Amin, na kazi ikachukuliwa na daktari wa Kiganda, Charles Olweny, aliyeiendesha kwa uvumilivu mkubwa wakati ambapo vifaa vya kawaida kabisa vilikuwa adimu. Leo Jumuiya ya Afrika Mashariki imeichagua Uganda kuwa mahali pa mafunzo na matibabu ya juu ya saratani kwa nchi wanachama, kama ilivyoichagua Tanzania kwa maradhi ya moyo na Kenya kwa maradhi ya figo.

Pamoja na sifa hizo, udhaifu wake ulionekana mwaka 2016. Mashine ya mionzi iliyofungwa katika miaka ya 1990, ambayo ilikuwa ndiyo pekee ya aina yake katika nchi nzima, iliharibika kabisa. Hospitali ya Aga Khan ya Nairobi ilijitolea kuwatibu bure wagonjwa 400 wa Uganda, na hilo lilikuwa jambo la ujirani mwema. Hata hivyo mionzi ya bure si nauli, wala si kitanda cha kulala Nairobi kwa majuma matano, wala si chakula. Mashine mpya haikuanza kazi mpaka mwanzo wa mwaka 2018. Kwa mgonjwa wa wakati ule, neno la mwenzake mmoja aliyekwenda Nairobi akarudi, akaeleza alilala wapi, alikula nini na alipita ofisi gani, lilikuwa na faida kuliko matangazo mengi.

Msaada wa wagonjwa kwa wagonjwa haukubaki kwenye varanda tu. Mwaka 2004 wanawake wa Uganda waliokuwa wamepitia saratani ya matiti waliunda chama chao, kinachojulikana kwa kifupi kama UWOCASO. Walianza kwa jambo lililo rahisi kulitamka na gumu kulitenda, yaani kusimama mbele za watu na kusema, "Nilikuwa na saratani, na niko hai." Mwanamke aliyekatwa titi asubuhi, akaona jioni mwanamke mwingine amekaa pembeni ya kitanda chake, amevaa vizuri, mwenye kifua kilichokatwa kama chake, naye anamwonyesha jinsi ya kuunyoosha mkono ili usikakamae, huwa amepata jibu la swali ambalo hakuthubutu kumwuliza daktari.

Maana aibu ya ugonjwa huu ni nzito. Wako wanaodai kwamba ni urogi, na wako wanaomtengea mgonjwa kikombe chake na sahani yake kana kwamba saratani huambukizwa kwa mate. Wapo waume wanaofungasha. Mwenye saratani ya mlango wa kizazi, ambayo katika Uganda ndiyo inayowapata wanawake wengi kuliko nyingine, hujificha kwa sababu ya harufu. Mwenye mfuko wa kinyesi tumboni huacha kwenda msikitini au kanisani. Na jamaa walio wema nao hukosea kwa wema wao, maana mgonjwa akianza kusema habari ya kifo humnyamazisha: "Usiseme hivyo, utapona." Hapo hubaki na hofu yake peke yake katika nyumba iliyojaa watu. Kwa mgonjwa mwenzake hana haja ya kujificha. Anaweza kusema anaogopa, na yule akamjibu kwamba naye aliogopa, wakaendelea kuchambua mchele.

Wanaume katika jambo hili wako nyuma. Saratani ya tezi dume imewakamata wengi, lakini vikundi vilivyo hai aghalabu ni vya wanawake. Mwanamume aliye tayari kubishana habari za mpira tangu magharibi hadi usiku wa manane hukosa neno moja la kumwambia mwenzake juu ya mkojo unaomtoka bila hiari yake.

Waganda hawana haja ya kufundishwa kutoka mbali thamani ya watu wenye msiba mmoja kukaa pamoja. Mwaka 1987, wakati UKIMWI ulipokuwa ukifagia vijiji na watu wakiogopa hata kulitaja jina lake, Noerine Kaleeba, mtaalamu wa tiba ya viungo katika Mulago, aliyekuwa amefiwa na mumewe Christopher mwezi Januari mwaka huo, aliunda na wenzake chama cha TASO. Walikuwa watu 16, na wengi wao walikuwa wagonjwa au jamaa za wagonjwa. Walianza kwa kukutana, kusali, kunywa chai na kupeana habari. Wengi wa waanzilishi hao hawakuishi kuziona dawa za kupunguza makali ya UKIMWI. Lakini kutokana na kikao chao lilienea wazo ambalo baadaye lilikubaliwa katika zahanati za Afrika nzima, kwamba mtu anayeishi na ugonjwa anaweza kuwa mfanyakazi wa afya kwa wenzake, akafundishwa, akapewa meza yake, na akalipwa posho.

Hapa ndipo ilipo hoja. Kwa UKIMWI jambo hilo lilikubaliwa, likapata fedha za serikali na za wafadhili. Kwa saratani, katika nchi hiyo hiyo na juu ya kilima hicho hicho, kwa sehemu kubwa limeachwa katika mikono ya watu wanaojitolea. Mtu aliyepona hufunga safari kwa nauli yake mwenyewe kwenda kumwona mgonjwa. Siku asipokuwa na nauli, mgonjwa haonwi. Tena wanaojitolea ni watu ambao ugonjwa wao waweza kurudi wakati wowote, na hurudi. Chama kinachotegemea watu wa namna hiyo hupoteza viongozi wake kwa kifo, na kila mara huanza upya kutafuta mwenye moyo wa kuchukua nafasi yao. Si haki kulisifu jambo katika hotuba na kuliacha lijibebe lenyewe.

Madaktari kwa upande wao wana wasiwasi, na wasiwasi huo si wa bure. Kwenye benchi hilo hilo panapofundishwa habari ya homa, hupita pia habari ya mzizi fulani unaochemshwa, au ya mganga wa kijiji fulani aliyemponya shemeji ya mtu. Dawa za mitishamba zikichanganywa na dawa za hospitali zaweza kudhuru ini na figo. Kuna mgonjwa anayeacha mionzi katikati kwa sababu jirani yake wa kitanda ameungua ngozi, bila kujua kwamba ugonjwa wa yule ni mwingine na kipimo chake ni kingine. Isitoshe, urafiki wa wodini una gharama yake. Watu wawili huanza matibabu siku moja, hushirikiana sufuria moja kwa miezi mitatu, kisha kitanda kimoja kinakuwa kitupu. Anayebaki huomboleza rafiki na wakati huo huo huhesabu siku zake mwenyewe.

Ugomvi wa nani mwenye haki ya kuzungumza na mgonjwa si mpya duniani. Huko Marekani, Bibi Terese Lasser, aliyekatwa titi mwaka 1952, alianza kupita katika wodi za New York akiwatembelea wanawake waliopasuliwa kama yeye, na wako madaktari waliomwona kuwa ni mwingiliaji. Shirika la Saratani la Marekani liliichukua kazi yake mwaka 1969, na ziara hizo zikafanywa kwa idhini ya daktari. Baadhi ya wanawake hawakuipenda idhini hiyo, maana iliwapa wapasuaji mamlaka hata juu ya mazungumzo. Lakini iliwafungulia milango ya wodi. Pengine hapo Uganda na jirani zake wanaweza kuchagua njia ya katikati. Mtu aliyepona afundishwe kueleza yale aliyoyapitia na kuyaacha maswali ya dawa kwa mwenye dawa, naye daktari akubali kwamba kuna maswali ambayo hayamo katika faili lake.

Yafaa pia kutoahidi yasiyokuwapo. Mwaka 1989 Daktari David Spiegel wa Stanford na wenzake walitangaza kwamba, miongoni mwa wanawake 86 wenye saratani ya matiti iliyokwisha kuenea, wale waliokutana kila juma katika kikundi waliishi kwa wastani miezi zaidi ya 36, na wale ambao hawakukutana waliishi karibu miezi 19. Habari hiyo ilienea kama moto wa nyika. Lakini uchunguzi mkubwa zaidi wa Canada, uliotangazwa mwaka 2001 na kuhusu wanawake 235, haukuona kwamba kikundi kiliongeza urefu wa maisha. Na Spiegel mwenyewe, aliporudia kazi yake na kutangaza matokeo mwaka 2007, hakuyapata tena matokeo ya kwanza. Uchunguzi wa Canada ulichokiona ni kwamba wanawake wale, na hasa waliokuwa na majonzi zaidi, walipungukiwa na huzuni na hawakuhisi maumivu kwa ukali ule ule. Anayemwambia mgonjwa kwamba kikundi kitamponya anamdanganya. Anayemwambia kwamba kitampunguzia uzito hamdanganyi, na kwa mtu anayeubeba mzigo huo, hiyo si zawadi ndogo.

Katika Kenya jambo hili limekwenda kwa njia nyingine kidogo. Mwaka 2011 Profesa Anyang' Nyong'o, ambaye wakati huo alikuwa Waziri wa Huduma za Matibabu, alitangaza hadharani kwamba alikuwa na saratani ya tezi dume. Kwa mwanamume mwenye cheo kama hicho, kutamka maneno hayo kulikuwa ni kufungua mlango uliokuwa umepigiliwa misumari. Mwaka mmoja kabla ya hapo lilikuwa limeundwa mjini Nairobi shirika la Faraja, ambalo huwapa wagonjwa na jamaa zao ushauri na mahali pa kukutana bila malipo. Kisha ukaja mwezi Julai wa mwaka 2019, ambao katika muda wa siku 29 uliwachukua Bob Collymore, mkuu wa kampuni ya Safaricom, Ken Okoth, Mbunge wa Kibra, na Joyce Laboso, Gavana wa Bomet, wote kwa saratani. Nchi nzima ikazungumza habari za saratani, na wengi wakataka itangazwe kuwa janga la taifa. Wakenya wa kawaida hawakukosa kuona kwamba wakubwa hao waliweza kutibiwa ng'ambo, hali wao walikuwa wakisubiri zamu yao ya mionzi hapa nyumbani. Uwazi wa wakubwa ni jambo jema, lakini mwanamke wa Bomet anamhitaji zaidi mwanamke mwingine wa Bomet, anayejua nauli ya matatu ni kiasi gani.

Liko pia suala la lugha, ambalo wapangaji husahau. Katika wodi za Kampala mazungumzo huenda zaidi kwa Kiganda. Mama wa Kiacholi, au mzee wa Kikaramojong, aweza kukaa juma zima katikati ya wagonjwa thelathini asipate wa kuzungumza naye, na upweke wake ukawa kama wa mtu aliye nchi ya mbali. Mkongo na Mrundi hujitafutia njia kwa Kiswahili. Serikali ya Uganda iliamua mwezi Julai 2022 kukubali Kiswahili kuwa lugha rasmi, na mjadala wake ukawa juu ya shule na ofisi. Wachache walifikiria mahali kama wodi, ambako mgonjwa wa Bunia na mgonjwa wa Soroti wanaweza kuelezana kwa Kiswahili kibovu, lakini kinachoeleweka, jinsi ya kulala usiku wa baada ya dawa.

Kwa Watanzania habari hizi si za ugenini. Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1996 katika majengo yaliyojengwa na Wadachi ufukweni mwa Dar es Salaam, kwa miaka mingi ilikuwa ndiyo tegemeo la mionzi kwa nchi nzima. Mgonjwa wa Kigoma au wa Tandahimba anaujua umbali huo kwa nyayo zake. Chama cha Madaktari Wanawake, MEWATA, kilizunguka mikoani kuanzia mwaka 2005 kikiwapima wanawake matiti, na katika mikutano ile walionekana wanawake waliopona wakisimama na kujieleza. Sasa Bugando, Mwanza, nayo inatibu kwa mionzi, na wagonjwa wa Kanda ya Ziwa wamepunguziwa safari.

Uganda nayo inapeleka huduma za saratani nje ya Kampala, zikiwamo Mbarara na Gulu, na hilo limengojewa kwa muda mrefu. Mgonjwa wa Gulu atatibiwa karibu na shamba lake, na watoto wake hawatalala kwa jirani. Lakini benchi la Mulago lilijaa wajuzi kwa sababu watu wa nchi nzima walilazimika kukutana hapo. Katika kituo kipya, mgonjwa wa kwanza wa asubuhi aweza kuingia, akatibiwa na kurudi nyumbani bila ya kumwona hata mtu mmoja aliyepitia njia anayoianza. Wanawake wachache wa Kiacholi waliotibiwa Kampala na kupona wako huko huko, katika vijiji vinavyoizunguka Gulu, wanalima. Majina yao yamo katika madaftari ya Mulago, na kinachohitajika ni mtu wa kuwapelekea habari, na nauli ya kuwafikisha kituoni.